Unga Uliofunikwa Leso

Harufu ya iliki imepanda ngazi mpaka mezani pangu, penye kazi isiyokwisha, nami nikamkumbuka mama akikanda unga wa mahamri ya harusi.

Jioni ile mama wa bibi harusi alifika mlangoni akaja juu kwa hasira. "Yakaange sasa hivi! Wageni wangu wanafika asubuhi."

"Shoga yangu, unga una kazi yake usiku, nami nina usingizi wangu," mama alimjibu kwa upole. Akaufunika kwa leso, akaswali isha, akalala. Mimi hofu ilinikesheza.

Alfajiri, unga ulikuwa umeiinua leso. Mama akawasha moto, uso mkunjufu, na wageni wakala mahamri ya moto yaliyofura vizuri.

Nimefunga kompyuta. Kazi iliyobaki nitaiamkia.