Kiti Kimoja na Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa Tanga, na watu wa Tanga tukinyimwa kuongea tunaumwa. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Tulikutana hukuhuku Maryland, tukafunga ndoa hukuhuku, na baba yake aliiona harusi yetu kwenye simu, amekaa sebuleni kwake na wazee wenzake wa kanisa. Nilikuwa nimeshasikia, kwa ndugu wasiojua kufunga midomo, kwamba mzee alikuwa amemtazamia mwanawe binti wa kulekule kwao, mwalimu, mpole, anayejua lugha yao na mila zao. Badala yake akapata mimi.

Alipokuja kututembelea tulikuwa tunakaa Laurel, kwenye apatimenti ya vyumba viwili. Kabla hatujaenda kumpokea uwanja wa ndege, mume wangu alinikalisha chini. Akanieleza kwamba kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayepisha. Vijana wa mjini wengi wameshaacha, akasema, lakini baba ni mtu wa zamani. Nikamjibu kwamba hakuna tatizo, kwani mimi nina haja gani ya kumkodolea macho baba wa watu? Nilijiona nimeelewa.

Sikuelewa kitu. Ngoja uishi na mila hiyo kwenye vyumba viwili na choo kimoja! Mzee alikuwa akikohoa mlangoni kabla ya kutoka chumbani, nami nikisikia kile kikohozi nakimbilia jikoni. Asubuhi nilimwamkia kwa mbali, nimechuchumaa, natazama zulia, naye akaitikia huku anatazama dirisha. Chakula nilipika mimi, akapeleka mtoto. Binti yetu huyu Kiswahili anakisikia chote ila anajibu Kiingereza, basi akageuka kuwa balozi wetu. "Mama, Babu says the fish is good," ananiletea ujumbe, nami namrudisha, "Mwambie Babu ahsante, aongeze." Kilichonichekesha na kuniliza kwa pamoja ni kazi yangu. Mchana kutwa niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nawaogesha baba za watu, nawakata kucha, nawalisha kwa kijiko, wananihadithia habari za wake zao waliotangulia. Nikirudi nyumbani, mzee wangu mwenyewe siwezi kumkabidhi kikombe cha chai.

Na lililonikosesha raha hasa ni hili: heshima ya namna ile na chuki vinafanana mno ukivitazama kutoka jikoni. Anayekuheshimu anageuza uso ukipita. Anayekuchukia naye anageuza uso. Sasa nitajuaje? Nilimuuliza mume wangu, akasema, "Baba yuko hivyo, usiwe na wasiwasi." Mwanamume akikuambia usiwe na wasiwasi ujue naye hajui. Nilitaka jambo moja tu kabla mzee hajapanda ndege kurudi kwao. Nilitaka kujua kama amenikubali kuwa mke wa mwanawe, au ananivumilia tu kwa kuwa maji yameshamwagika. Na mwenye jibu ndiye mtu pekee nisiyeruhusiwa kumuuliza.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba mume wangu akatangaza kwamba tunakwenda kwenye ile bustani kubwa ya michezo ambayo mtoto alikuwa akiililia tangu shule zifungwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Mzee akakaa mbele na mwanawe, mimi nikajibana kiti cha nyuma kabisa, naona kofia yake tu. Tukaupita mji wa Bowie na nyumba zake zenye nyasi zilizonyolewa vizuri, na kabla hata hatujaona geti, tukaona kitu kikubwa cha mbao kimejitokeza juu ya miti, kimepanda, kimeshuka, kimepanda tena.  Mtoto akabandika pua kiooni.

Nakiri nilikwenda nimejiandaa kudharau. Nilidhani nitakuta zile pembea za sikukuu ya Idi, zimekuzwa tu na kupakwa rangi. Lo! Ulikuwa mji kamili. Una mitaa yake, maduka yake, mabwawa yake yenye mawimbi, hoteli yake ya wageni wanaotoka mbali, na maua yaliyopandwa hadi kwenye vizingiti vya vyoo. Nilitafuta takataka chini nisione. Kulikuwa na kina mama wa Kihindi waliovaa sari na raba, mabinti wa hijabu wanakimbilia maji, Walatino babu kwa mjukuu, na ukoo mzima wa Wamarekani weusi waliovaa fulana za rangi moja, bibi yao mbele kwenye kiti cha magurudumu anaamuru kama jenerali. Na juu ya vichwa vyetu, watu wazima wenye kazi zao na rehani za nyumba wanapita wamefungwa vitini, wakipiga kelele mchana kweupe bila kuona haya. Niliipenda sana hiyo. Nilisimama katikati ya njia nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akaniuliza kama nimepigwa na jua.

Mzee yeye alikwenda moja kwa moja hadi chini ya lile jengo la mbao, rola kosta yenyewe, ile treni ya mchezo inayopandisha watu juu na kuwaporomosha. Miaka yote ya kazi yake alikuwa mtu wa reli, wa kukagua na kutengeneza njia ya treni kule milimani, na hapo alikuta reli imepelekwa mahali ambapo reli haina shughuli ya kwenda. Akaweka mikono nyuma. Treni ikapita juu, nguzo zote zikalia, na yeye akavua kofia.

"Mbao tupu," akamwambia mwanawe. "Na inabeba." Akaitazama tena kwa muda mrefu. "Nataka kupanda."

"Baba, hiyo ni ya vijana."

"Nimekuuliza umri?"

Ilikuwa mara ya kwanza nione raha usoni mwake, japo niliiona kwa pembeni, maana ndivyo nilivyozoea kumwona. Mtoto akapimwa kwenye ubao wa kimo, akawa mfupi, akaangua kilio. Mume wangu akajitolea haraka kubaki naye, haraka mno, nami namjua, anaogopa hata ngazi ya kubadilishia balbu. Mimi nikasema napanda. Sikuja pale kushika mikoba ya watu.

Niliipanga heshima yangu vizuri. Nikamwacha mzee atangulie, kisha nikaupisha ule ukoo wa fulana ili wawe ukuta kati yetu. Kumbe foleni ya kule haiendi moja kwa moja. Imezungushiwa vyuma, inakwenda na kurudi, kwa hiyo kila inapogeuka unakutana uso kwa uso na aliye mbele yako, chuma tu katikati. Tulikutana, tukaachana, tukakutana tena. Yeye anatazama mawingu, mimi natazama viatu vyangu. Sijawahi kuvijua viatu vyangu kama siku ile.

Kule juu, kwenye jukwaa la kupandia, msichana mmoja, mfanyakazi wa pale, alikuwa akipanga watu wawiliwawili. Mzee alikuwa peke yake, na pembeni yake nafasi iko wazi. Msichana akauliza nani yuko peke yake. Ule ukoo wote wako kwa jozi, na ni watu wa huruma, hawawezi kukuona umebaki. "Huyu dada hapa!" wakasema kwa pamoja, wakanisukuma mbele kwa mapenzi kabisa, mama mmoja akanipigapiga mgongoni. Nilitaka kukataa. Nitakataaje? Nimwambie mtoto wa watu kwamba yule pale ni baba wa mume wangu na siruhusiwi hata kumpa chumvi? Treni inasubiri, watu wanatazama. Nikaketi.

Kiti chenyewe ni benchi moja, na chuma kinachoshuka kukufunga ni kimoja, kinawalalia watu wawili mapajani. Kikashuka. Bega langu likagusa bega la baba mkwe wangu. Nikageukia kulia, yeye akageukia kushoto.

"Shikamoo, baba," nikaiambia hewa.

"Marahaba," akaziambia mbao.

Treni ikaanza kupanda, polepole, mnyororo unagonga chini yetu. Niliona miti, nikaona paa za nyumba za watu, nikaona eneo la kuegesha magari linang'aa kwa jua, na mume wangu amekuwa kidogo kule chini, bado anabembeleza mtoto. Ilikuwa nzuri ajabu.  Nilijua kwamba nikishuka hapo narudi jikoni kwangu kukimbia kikohozi hadi siku ya ndege yake. Hapa angalau hana pa kwenda, amefungwa, nami nimefungwa. Ulimi wa kwetu ukanishinda.

"Baba."

"Mmh."

"Samahani sana, baba. Hivi unanichukia?"

Nilisikia amejisogeza. Nikasikia amevuta pumzi ya mtu anayetaka kusema. Hapo tukafika kileleni, na dunia ikaondoka chini yetu.

Sitadanganya kwamba nakumbuka kila kitu. Nilimwita mama yangu, nikamwita Mungu, nikamwita mume wangu na kumtukana kwa kutuleta. Kona ya kwanza ikanitupa mzimamzima ubavuni kwa mzee, kona ya pili ikamleta yeye kwangu, na mila zote za Tukuyu zikabaki huko nyuma kwenye mteremko. Mkono mmoja alikuwa ameishika kofia yake kifuani, mwingine umeshika chuma kando ya mkono wangu. Hakupiga kelele. Alikuwa anacheka, kicheko kikubwa, cha tumboni, ambacho hakijawahi kusikika katika apatimenti yetu. Nikajikuta napiga kelele na kucheka kwa pamoja, na kama ningekufa pale ningekufa nimefurahi.

Kisha treni ikafunga breki, ikasimama kabla ya kuingia jukwaani, ikisubiri iliyotangulia ishushe watu.  Mzee akavaa kofia, akaiweka sawa. Akageukia tena upande wake, kushoto.

"Mkwe."

"Abee, baba."

"Ningekuwa nakuchukia, ningekula na wewe."

Nikanyamaza. Mimi, wa Tanga.

"Mwanangu huyu alishawahi kuwaleta mabinti wengine nyumbani," akaendelea, taratibu, akiongea na nguzo. "Walinipa mkono. Tulikaa meza moja, tukapiga soga hadi chai ikapoa. Wageni wazuri tu." Akakohoa kidogo. "Mtu wa kupita nakaa naye. Wa kubaki ndiye ninayemkimbia."

Treni ikasogea, chuma kikanyanyuka. Akashuka upande wake bila kugeuka na akaenda zake, mwepesi kuliko alivyokuja.  Yule mama wa fulana akanishika mkono kunivusha, akaniambia nilikuwa jasiri, nikamkubalia.

Nilipofika chini, mzee alikuwa ameshaanza kumsimulia mjukuu wake, mikono inachora milima hewani. "Babu, were you scared?" mtoto akauliza. "Sana!" akasema. Mume wangu akanivuta pembeni, macho yamemtoka, akanong'ona, "Mlikaa pamoja?" Nikamwambia tulipangwa. Akaguna, akatazama baba yake anavyocheka, akanitazama mimi. Nikaona amepata wazo, na mawazo ya mume wangu nayaogopa.

Wakati wa kula tukachukua kuku na chipsi, tukapata meza yenye viti vinne. Mzee akasimama na sinia lake mkononi, akitafuta pa kwenda. Mume wangu akavuta kiti kilichokuwa mbele yangu.

"Baba, leo kaa hapa na sisi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta amani. "Huku ni Marekani. Na isitoshe mmeshapanda kiti kimoja, jambo limekwisha."

Mzee akakitazama kile kiti. Muda wote aliokaa kwetu nilikuwa nikitamani aje akae mbele yangu hivyo, ale chakula changu nikimwona. Sasa nilishikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili nikamwomba Mungu asikae. Asikae, asikae. Alisogea hatua moja.

Akatupita. Akaenda hadi meza ya mwisho kabisa, chini ya mwavuli, akavuta kiti, akatupa mgongo, akaanza kula.

Mume wangu akaniwekea mkono begani. Machozi yalikuwa yananitoka na mdomoni nimejaza kuku. "Pole, mama watoto," akasema. "Nimejaribu."

"Mwache," nikamwambia. "Mwache akae hukohuko."