Miche 2,520: namba niliyodhani haiwezi kubakisha

Wakuu, niaje. Hii si hadithi ya kutunga, mgongo wangu bado uko hapa kama shahidi.

Mimi niko na nursery ya miche hapa Kitale. Shule niliachia form two. Mimi na hesabu tulikua tumekosana hata kabla fees iishe.

Sasa kila mvua ikianza napeleka miche ya sukuma wiki kwa mama, huko Bokoli. Anaita mabibi za ndugu zangu na za mabinamu, wako kumi, anawagawia sawa sawa. Sheria yake ni moja: usipokuja siku hiyo, hupati. So huwezi jua mapema watakuja wangapi.

Mwaka jana ilibaki mche moja. Moja tu bana. Nafula, mmoja wao, akabeba, mwenzake Nekesa akasema huyo hupendelewa, na tangu hapo hawasalimiani.

Mama akaniambia amechoka kuamua kesi ya majani. Ikibaki tena, hataita mtu kwa boma yake.

Nikaanza kutafuta namba yenye watu wakikuja mmoja, saba, tisa, hata kumi, inagawika bila kubakisha. Nikazidisha zote kwa simu, 1 mpaka 10. Ikatoka 3,628,800. Hiyo sukuma unalisha Kenya na Uganda wanaomba serving.

Kuna mwalimu hununua kabeji kwangu. Alicheka mpaka akakalia jerican, halafu akanionyesha vile narudia bure. 8 tayari imebeba 2 na 4. 9 imebeba 3. 6 na 10 zinajitokea zenyewe. Chukua 8, 9, 5 na 7 pekee, zidisha.

2,520. Akasema hakuna ndogo kuliko hiyo inaweza hiyo kazi.

Kung'oa na kuhesabu ilinichukua siku mbili. Nilipoteza hesabu mara tatu, moja nikiwa 2,300 na kitu, juu ya jirani kunisalimia.

Kufika Bokoli, wako kumi na moja. Binamu yangu alikua ameoa wiki hiyo. Ati surprise.

Nikagawa tu. Kila mtu 229. Ikabaki moja.

Nafula akaangalia Nekesa. Nekesa akaangalia mche. Mimi nikaangalia barabara ya Kitale.

Mama hakupandisha sauti. "Wafula, umehesabu wanawake wote wa hii boma?"

Nikasema ndio mama, kumi na moja.

"Na mimi hukula mboga ya nani?"

Wakuu, miaka yote hiyo. Anaita watu, anagawa, anabaki mikono mitupu, na hakuna mtu aliwahi kumweka kwa hesabu. Hata mimi mwenye nimetoka tumbo yake.

Nekesa ndiye alirudisha zake kwanza. Nafula akarudisha zake kando yake, akamwambia, "Sogea basi tuhesabu."

Watu kumi na wawili. Kila mtu 210. Haikubaki hata jani.

Lesson: kabla utafute namba ya maana, hesabu watu wako vizuri.

Nimechoka, bana. Wenye mlimaliza shule, niambieni hapo chini: namba ya kufika mpaka watu kumi na tatu ni ngapi? Kuna binamu mwingine ameanza kunyoa ndevu kila siku.