Maji ya Jaruba Yalivyoficha Ugonjwa wa Kashindye

Jua limeshapasha maji ya majaruba ya Ubaruku, katika bonde la Usangu, na Kashindye Nkuba ameinama kwenye mstari wa wanawake wenzake akipandikiza mpunga. Mkono wa kushoto umeshika fungu la miche, wa kulia unachomeka. Haraka hana. Jirani yake, Paskalina, ameshamwacha nyuma na sasa anamtania.

"Mama Roza, hiyo miche unaipa majina?"

"Naibatiza," anajibu Kashindye, na mstari mzima unacheka.

Msimu uliopita asingekuwa na pumzi ya kujibu utani.

Kashindye ni mama wa miaka thelathini na kitu. Yeye na mumewe, Bujiku, walihamia Usangu kutoka Shinyanga wakifuata malisho ya ng'ombe, wakaukuta mpunga, wakaupenda. Mtoto wanaye mmoja, Roza. Tangu amzae, hedhi ya Kashindye ilikuwa nzito, damu ya mabonge, siku zisizokwisha. Hakumwambia mtu.

"Nilidhani ndiyo uanamke," anasema. "Mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Sasa nimuulize nani?"

Basi akajitafutia njia, na njia yenyewe nusura imuue. Siku zake zikifika, badala ya kupumzika, ndipo alipokimbilia jaruba. Ndani ya maji ya magotini, kanga imelowa kama za wenzake, hakuna aliyeona kitu. Hata yeye hakuona. Damu ilikwenda na maji, naye jioni akarudi nyumbani akidhani amechoka tu kwa kazi.

Rangi yake ilipofifia, watu walisema ni safura. Zahanatini akapewa dawa ya minyoo, akameza. Aliyempima alikuwa mwanamume, Kashindye akaona haya kumweleza mengine. Mama mkwe akamchemshia mizizi. Kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, kampeni ya afya kijijini, walifundishwa vyoo na mbu. La hedhi hakuna aliyelitaja, na yeye hakuuliza.

Kilichomfichua ni mavuno. Mpunga ukiiva, maji hufungwa na majaruba hukauka. Siku hiyo Kashindye alikuwa akivuna juu ya ardhi ngumu, na Paskalina nyuma yake akimcheka uvivu. Mara kicheko kikamkauka. Mabua aliyopita mwenzake yalikuwa mekundu.

"Nikamwambia, 'Mama Roza, umejikata na mundu?'" anakumbuka Paskalina. "Akaketi. Halafu akalala."

Lori la mpunga likampeleka hospitali, Mbeya mjini. Wakamwongeza damu. Alipopata nguvu ya kuongea, nesi Sekela akamfunua kope, akaona zilivyo nyeupe, akamuuliza kitambaa anabadilisha mara ngapi kwa siku.

"Nikiwa shambani sibadilishi, dada. Naingia majini."

Nesi akaweka kalamu chini.

Daktari hakukuta uvimbe kwenye kizazi. Bujiku naye alikuwa amefika, basi nesi akawaeleza mke na mume polepole. Atameza vidonge vya kuongeza damu. Pamoja navyo atameza vidonge vya majira kwa miezi kadhaa, ili hedhi ipungue. Visipofaa, atasafishwa kizazi. Kukiondoa kizazi chenyewe ni jambo la mwisho kabisa, mengine yote yakishindikana.

Bujiku akasimama.

"Vya majira si vya kuzuia watoto? Mnataka kumfunga mke wangu kwa ujanja?"

"Baba Roza, keti. Vinazuia wakati anavimeza. Akiviacha, anaweza kushika mimba. Lakini akiendelea kumwagika hivi, huyo mtoto utamzaa na nani?"

Bujiku akaketi. Kisha akauliza vinamezwa kabla ya chakula au baada.

Akina mama wanaosoma haya wasimcheke Kashindye. Damu inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa kwa saa chache, inayotoka mabonge, inayopita wiki, jamani hiyo si ya kuvumilia. Ni ya kupelekwa hospitali. Na binti anayenyamazia siku zake aulizwe kwa upole, tena na mama yake, kabla hajajifunza kujificha.

Kashindye amemaliza vidonge vya majira mwezi uliopita. Hedhi ya kwanza baada ya hapo ilikuja ya kawaida, akaipitishia nyumbani, vitambaa vikavu kabatini, akivihesabu bila hofu. Kupandikiza kukiisha atarudi Mbeya apimwe damu. Roza atakwenda naye, maana amekaribia umri wa kuvunja ungo.

"Akamsikie nesi kwa masikio yake," anasema.

Na mtoto wa pili? Kashindye ananyoosha mgongo kwanza.

"Mume wangu anaomba wa kiume. Mimi naomba miezi mingine miwili mitatu kama huu, nijue mwili umetulia. Hapo ndipo tutaongea."

Bujiku, aliyeleta miche na kusimama kwenye tuta akisikiliza, anatikisa kichwa akicheka.

"Haya, mama Roza. Nangoja."