Bondia Aliyejifunza Kuacha Uso Wazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufundisha mkono kazi yake hata ukaifanya bila kuulizwa, na ambaye akipenda huufundisha kazi nyingine ukubwani. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Mume wa binti yangu alikuwa bondia. Alipigana tangu ujanani mpaka daktari alipolitazama jicho lake la kushoto akamwambia basi. Wenzake wengi waliostaafu husimama kwenye milango ya baa za mtaa wa Kansanga wakiwatoa walevi nje. Naye akaenda kusimama huko. Hakunywa, lakini alirudi alfajiri akinuka pombe ya watu wengine, na binti yangu alizifua nguo zile asubuhi ileile.

Kisha wanachama wa uwanja wa gofu, pale bondeni ukiteremka kutoka Kamwokya, wakamwita awafanyishe mazoezi ya viungo, asubuhi chache kwa wiki. Siku moja wakampa fimbo kwa mzaha. Mpira ulienda mbali hata aliyempa akasahau kucheka. Kocha wa pale akamwambia ajifunze kwa bidii. Akifaulu mtihani wa wachezaji wa kulipwa, watampa kazi ya kufundisha, na mlango wa baa atauaga.

Mimi sikuamini. Nimewasomesha Kurani watoto na wazee nyuma ya duka letu Nakivubo, na najua ulimi uliozoea kosa unavyokataa kunyooka. Naye alikuwa na kosa lake. Bondia akishatoa ngumi huirudisha upesi kidevuni, asije akapigwa yeye. Katika gofu, mwili unatakiwa uufuate mpira, mikono ipande mpaka ipite bega, uso ubaki wazi. Yeye, fimbo ilipogusa mpira tu, mikono ilirudi kidevuni. Mpira ukapinda, ukaingia kichakani.

Rafiki zake wa ngumi walikuja kumtazama, wakashika mbavu kwa kicheko.

"Champion, huo mpira haurudishi ngumi! Unamkimbia nani?"

"Mwacheni, ssebo," akadakia mwingine, akimwita bwana kwa mzaha. "Anangoja kengele ilie akapumzike kwenye kona."

Alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

"Baba," aliniambia, "mimi najua hakuna mtu mbele yangu. Mikono ndiyo haijui."

"Basi mimi nitaiambia," akajibu binti yangu kutoka jikoni.

Tangu hapo, kila jioni baada ya sala ya Magharibi, mkwe wangu alipunga fimbo uani bila mpira. Mkewe alisimama kando, na kila fimbo iliposhuka alisema, "Hakuna mtu." Mikono ikirudi, alimgombeza.

"Baba watoto, nimesema hakuna mtu! Huniamini?"

"Nakuamini. Lakini wewe ndiye ninayekuogopa."

Miezi ikapita hivyo. Asubuhi gofu, jioni uani, usiku mlangoni Kansanga.

Siku ya mtihani nilikwenda na binti yangu. Walipofika shimo la mwisho, kocha alininong'oneza kwamba mpira ule lazima uvuke kijito utue karibu na shimo. Ukiangukia majini, ameshindwa. Watazamaji hawaruhusiwi kusema neno. Binti yangu alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mkwe wangu alisimama kitambo akiuinamia mpira. Nakijua kimya cha msikitini kabla imamu hajafungua sala, na kile cha pale kilikikaribia. Fimbo ikapanda, ikashuka.

Mikono haikurudi. Ilipanda, ikapita bega, ikakaa huko juu, na uso wake, pamoja na lile jicho lililovimbishwa na ngumi za watu, ukabaki wazi bila kinga yoyote. Mpira sikuuona. Walioutazama waliniambia ulivuka vizuri ukatua mahali pake. Mimi niliutazama uso. Mwili uliofundishwa kujilinda miaka yote ile ulikuwa umeacha kujilinda mbele ya macho yangu. Nikasema "Subhanallah" kwa sauti, mpaka bwana mmoja mwenye kofia akageuka kuninyamazisha. Nikairudia polepole.

Mkwe wangu akausukuma mpira shimoni, na kocha akampa mkono. Amefaulu. Binti yangu alilia, kisha akamwambia, "Twende ukawaage watu wa Kansanga kabla hawajafungua."

Sijui kama kila mwanamichezo aliyestaafu anaweza kuanza upya kwenye gofu na kuishi kwayo. Nasikia wengi hujaribu na wachache hufika. Ninachojua ni kwamba siku hizi mkwe wangu huamka alfajiri kwenda kusali, wala si kwamba ndiyo kwanza anarudi kutoka mlango wa baa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali hata katika umri ambao watu wamekwisha kukukatia tamaa, akuwekee karibu mtu wa kukutuliza, na akuondolee hofu ya adui asiyekuwepo. Amina.