Daraja la Gitaa Lililong'oka Chinongwe

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya misheni, Nachingwea, sikushika msumeno wala randa. Fundi Mkuu, Mmakua mrefu mwenye maneno machache, alinipeleka kwenye rundo la mbao lililoegemezwa ukutani, akanipa moja na kuniambia niigonge kwa kifundo cha kidole.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mbao, Fundi."

"Basi endelea kugonga mpaka usikie zaidi ya hapo."

Niligonga mpaka saa ya chakula. Nilikuwa Mmwera wa Mbwemkuru niliyejifunza useremala wa milango na vitanda, na nilidhani nimepelekwa kwa mtu asiye na akili timamu. Baada ya chakula ndipo nilipoanza kutofautisha. Mbao nyingine ziliita kama sahani, nyingine zilinyamaza kama umegonga gunia la unga. Fundi Mkuu alizitenga zilizoita. Hizo zilikuwa za magitaa. Zilizobaki zilikwenda kuwa madawati.

Karakana ile ilitengeneza samani za shule na hospitali, lakini kwenye kona ya mashariki kulikuwa na meza moja ya magitaa ya kwaya. Mimi ni Mwislamu, na baba aliponiuliza kama ni sawa kutengeneza vyombo vya kanisani, nilimjibu kwamba hata vitanda vya hospitali ya misheni hulaliwa na watu wote. Hakuuliza tena.

Gitaa ni sanduku lenye uso, mgongo na mbavu, na shingo inayotokeza nje. Mgongo na mbavu tulitumia mninga. Mbao ya ubavu hurandwa mpaka iwe nyembamba kama ganda la kiberiti, hulowekwa, kisha hupindwa taratibu juu ya bomba la chuma lililojazwa mkaa wa moto. Ukiharakisha, inapasuka. Nilipasua nyingi. Nyuzi zinafungwa kwenye daraja, kipande cha mpingo kilichogandishwa juu ya uso, na hapo ndipo mvuto wote wa nyuzi unapoishia. Ndani, chini ya uso, tunabandika mataruma, yaani vijiti vyembamba vya kuuimarisha ili usibonyee.

Uso ndio uliokuwa na shida. Unataka mbao laini, nyepesi, iliyokauka kabisa, na miti yetu ya huku ni migumu na mizito. Fundi Mkuu alikuwa na akiba ya mbao za dari kutoka nyumba za Wazungu wa mradi wa karanga zilizobomolewa mjini. Zilikuwa zimekaa juu ya vichwa vya watu miongo mingi, zimekauka kama mfupa. Akiba hiyo ilipokwisha, tukaanza kuletewa paina mpya kwa lori.

Katika mwaka wangu wa saba, Fundi Mkuu alisafiri kwenda msibani Masasi, kipindi cha mvua nyingi. Juu ya meza aliacha gitaa la Mama Benedikta likiwa bado vipande. Mama Benedikta alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya Chinongwe, mkulima wa ufuta, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Wakati ule wanaume kadhaa wa kwaya hawakupenda gitaa likae mikononi mwa mwanamke, lakini hakuna aliyempita kwa kupiga.

Alikuja karakana akiwa ameloa mvua.

"Mdogo wangu, sikukuu ya kigango ni Jumapili ya wiki ijayo. Litakuwa tayari?"

Niliugonga uso ule wa paina. Ulinyamaza. Mbao ilikuwa bado ina maji ndani, na nilijua.

"Litakuwa tayari, dada," nikasema.

Nilitaka Fundi Mkuu arudi akute nimemaliza gitaa zima peke yangu. Huo ndio ukweli, sina mwingine. Niligandisha daraja siku ya Alhamisi, nikafunga nyuzi Jumamosi, na Jumatatu Mama Benedikta akaondoka nalo limefungwa kwenye kanga mbili.

Habari ilitufikia Jumatatu iliyofuata. Katikati ya wimbo wa matoleo, daraja lilikuwa limeng'oka kwa kishindo. Mpingo uliruka na nyuzi zake, uzi mmoja ukamchana Mama Benedikta chini ya jicho la kushoto. Alishonwa nyuzi tatu zahanati. Kidogo tu na jicho lingekwenda.

Mwenyekiti wa kwaya alikuja mwenyewe na gitaa lile. Msimamizi wa karakana, bruda aliyeshughulika zaidi na karatasi kuliko mbao, alilitazama akasema, "Limekazwa kupita kiasi. Nyuzi zimevutwa mno."

"Ndivyo tulivyosema sisi," mwenyekiti akajibu. "Huyu mama hana kipimo. Tumeshampa kijana mwingine nafasi, gitaa likitengenezwa atapiga yeye."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, patasi mkononi. Nikainamia mbao niliyokuwa nachonga.

Fundi Mkuu alirudi Jumatano. Hakunisalimia kwanza. Aliligeuza daraja akanionyesha chini yake. Palikuwa safi, panang'aa, kama sahani iliyooshwa. Gundi yote ilikuwa imebaki kwenye uso wa paina.

"Mpingo uliupiga msasa lini?"

"Siku nne kabla ya kugandisha, Fundi."

"Mpingo una mafuta. Ukiuacha siku nne, mafuta yanapanda juu, gundi haipati pa kushika. Na huu uso?" Akaugonga. "Ulipougonga ulisikia nini?"

"Ulinyamaza."

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea."

Aliliweka daraja mezani. Kisha akauliza, "Nimesikia mama wa watu ameondolewa kwenye kwaya kwa sababu ya kukaza nyuzi. Alikaza?"

"Hapana, Fundi. Nyuzi nilizipima mimi. Zilikuwa sawa."

"Sasa unaniambia mimi kwa nini? Mimi si mwanakwaya wa Chinongwe."

Alhamisi asubuhi nilipanda pikipiki ya kukodi. Barabara ilikuwa tope, tulianguka mara mbili. Nilifika wakati wa mazoezi ya kwaya, nimechafuka mpaka kifuani. Niliomba kuzungumza. Nikawaeleza wote, mwenyekiti akiwepo, kwamba mbao ilikuwa mbichi, kwamba daraja lilibandikwa vibaya, kwamba nilijua nusu ya hayo kabla gitaa halijatoka mezani kwangu, na kwamba mama huyu hakukosea lolote.

Mama Benedikta alikuwa amekaa nyuma, plasta chini ya jicho. Alisimama.

"Kwa nini hukusema siku ile nilipokuuliza?"

"Nilitaka sifa, dada."

"Na mwenyekiti alipokuja huko kwenu?"

"Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Wewe ulikuwa na kazi ya kuogopea. Mimi nilikuwa na gitaa tu."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenipa pole, na ilikuwa sawa. Nilipokuwa natoka alinifuata mlangoni. "La pili utaanza lini?"

"Nimeshatenga mbao. Lakini sikwambii siku ya kumaliza."

"Safari hii nitakuja kuangalia mwenyewe."

Msimamizi alinipa onyo la maandishi. Fundi Mkuu alinipa kazi. Tatizo letu lilikuwa hili: tutajuaje mbao imekauka, kama sikio la fundi mwenye haraka linaweza kujidanganya? Jibu lilitoka kwenye duka la jirani. Niliazima mizani ya sukari, nikapima ubao wa paina kila Ijumaa baada ya swala, nikaandika uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Kila wiki ulipungua. Wiki ulipoacha kupungua, nikasubiri wiki tatu zaidi, nikaugonga. Uliita.

Kwa mpingo tulibadili utaratibu. Tulikwaruza sehemu ya chini kwa wembe wa randa, tukaipangusa kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kisitoke tena na weusi, tukapaka gundi papo hapo. Daraja lenyewe nikalipanua upana wa kidole.

Mama Benedikta alikuja mara tatu. Mara ya pili aliishika shingo kabla haijabandikwa, akakunja uso. "Hii mmepima mkono wa nani?" Tulikuwa tumepima wa Fundi Mkuu, siku zote. Nikaipunguza kwa kikwaruzo huku akiishika kila baada ya muda, mpaka akasema basi. Tangu siku hiyo sikuwahi kutengeneza shingo bila kuushika kwanza mkono wa mpigaji.

Lilipokamilika ilikuwa kiangazi. Halikutoka. Nilifunga nyuzi, nikalitundika chini ya bati kwa mwezi mzima, kwenye joto la mchana na ubaridi wa alfajiri. Daraja halikusogea hata unywele. Alilipiga miaka mingi, na yule kijana aliyekuwa amepewa nafasi yake akawa mwanafunzi wake.

Baadaye nilihamishiwa Ruangwa, kwenye chuo cha ufundi, kufundisha useremala. Mkuu wa Chuo alikuwa mtu wa mpangilio. "Mwalimu Bakari," aliniambia siku niliyoripoti, "hapa tunahitaji vitanda na madirisha. Magitaa hayamo kwenye mtaala." Nikamwomba mabaki ya mbao na Jumamosi. Alinipa vyote viwili, nadhani ili ninyamaze.

Huko nilikutana na tatizo jingine. Freti, vile vyuma vyembamba vinavyovuka shingo, tulizipanga kwa kanuni ya Fundi Mkuu: gawa urefu uliobaki kwa kumi na nane, weka freti, gawa tena. Sauti zilikuwa nzuri karibu na kichwa, lakini kadiri vidole vilivyoshuka kuelekea kwenye sanduku zilizidi kupotoka. Nilidhani ni masikio yangu. Mwalimu wa hisabati alikaa na karatasi kipindi kimoja cha chai, akaniambia, "Kumi na nane ni kubwa kidogo. Jaribu kumi na saba na sehemu nane za kumi." Tofauti ni ndogo, lakini kwenye freti ya kumi na mbili unaisikia. Niliporudi Nachingwea kumsalimia Fundi Mkuu nikamweleza. Alifikiri, akasema, "Basi magitaa yangu yote yamekuwa yakidanganya kidogo." Akaomba hiyo karatasi ainakili.

Nilistaafu miaka mitano iliyopita. Mkuu wa Chuo wa sasa, mama mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu wa Jumamosi, aliniaga kwa wali na hotuba fupi. Nina mikorosho yangu na banda lenye meza moja. Sikio la kulia limechoka kwa mashine za kuranda, kwa hiyo sasa uso wa gitaa nauegemeza kwenye kidevu ninapougonga, nasikia kwa mfupa. Vijana wanaokuja kuuliza wameona kazi hii kwenye simu, na wanajua mengi nisiyoyajua. Ninachoweza kuwaongezea ni jinsi mbao inavyokuwa mwezi wa tatu huku kwetu, na jinsi fundi anavyokuwa anapotaka kusifiwa.

Wiki hii alikuja mpiga gitaa wa bendi ya harusi, kwa bodaboda, kuchukua gitaa lake. Alikuwa na shughuli kesho yake. Nilikuwa nimelipitishia mkono juu ya uso nikahisi kivimbe, kidogo kuliko punje ya ufuta, taruma moja ndani limeanza kuachia.

"Mzee, mbona mimi sioni kitu?"

"Mimi nakiona."

"Nitaenda harusini na nini?"

"Azima. Hili halitoki."

Alinisihi, akanikasirikia, akapanda bodaboda bila kuaga. Vumbi lilipotulia niliingia bandani, nikalegeza nyuzi moja baada ya nyingine, nikaanza kulifungua.