Mchekeshaji wa Kitamil Niliyemkuza Busia

Kazi yangu ni kutafsiri filamu papo hapo, kipaza sauti mkononi, katika kibanda cha video hapa Busia. Kitamil sikijui hata neno. Wanaokijua wafungue kibanda chao.

Kuna mwigizaji mmoja wa Kitamil niliyemkuza mwenyewe. Alianza kama rafiki wa shujaa, dakika mbili tu, anapigwa kofi anaondoka. Mimi nikampa utani wa mpakani, wateja wakaanza kumuulizia. Kisha ikaja video yake akiwa peke yake jukwaani, saa nzima anachekesha kwa mdomo tu, bila ngumi wala dansi. Nikamfanya mchuuzi wa samaki kutoka Majanji anayebishana na askari wa forodha. Kibanda kizima kilivunjika mbavu.

Walipotoka, mgeni mmoja akabaki: fundi Mtamil anayefanya kazi Tororo.

"Ndugu, yule hakusema lolote kati ya hayo."

"Najua," nikamjibu. "Lakini nilikuona. Ulicheka peke yako kwa maneno yake, halafu ukacheka na sisi kwa yangu. Ulicheka zaidi wapi?"

Akaniuliza kesho tunaanza saa ngapi.