Nafasi kwenye Benchi la Nyuma

Kile kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, nilikuwa nimekiwekea leso yangu ya zambarau ili mtu asikikalie. Nilipogeuka kutazama, nikaona kimekaliwa na bwana mmoja mwenye kofia, na leso yangu ameikunja vizuri, ameilaza mapajani kama ya mkewe. Nilitaka kuinuka nikamwambie maneno mawili matatu. Lakini nilikuwa nimeketishwa mbele, mstari wa wanaotuzwa, shingoni nimevishwa shada la karatasi za kumetameta linalowasha kama upupu, na mchungaji alikuwa ameshaanza kuomba. Ikabidi nifumbe macho.

Hiyo ilikuwa mjini Wote, kwenye sherehe ya kuwatuza wakufunzi wa vyuo vya ualimu, yaani sisi tunaowafunza watu kufundisha. Tuzo yangu iliitwa ya utumishi bora katika mafunzo ya walimu. Jina refu, na nililipenda, sitadanganya. Nimezeekea kazi hii nikizunguka shule za Kitui na Makueni kuwakagua vijana wetu wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na wanaonishukuru huwa ni wale wanaotafuta alama. Kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba nimechaguliwa, nilicheka peke yangu jikoni hadi mahindi ya muthokoi yakashika chini ya sufuria. Halafu nikamkumbuka mwalimu wangu, na kicheko kikaisha.

Kiti kile kilikuwa chake. Ndiye aliyenikagua nilipokuwa msichana wa chuo, tulipopelekwa wanafunzi kadhaa kufanya mazoezi katika shule moja ya msingi huko Matinyani. Nilimwekea nyuma kwa sababu mbele hangekubali kuketi hata umbebe.

Wakufunzi wengine wakija kukagua waliletewa kiti cha ofisi ya mwalimu mkuu, wakakaa kando ya mlango na kuandika-andika. Yeye alipita katikati ya darasa bila kumtazama mtu, akafika benchi la nyuma, akajibana kati ya watoto, magoti yamepanda karibu na kidevu, akatulia. Alikuwa mwanamke mrefu na maneno yake yalikuwa machache mno. Kalamu haikutoka mkobani mpaka kipindi kiishe.

Somo langu la kwanza mbele yake lilikuwa la jinsi maji yanavyokauka. Nilikuwa nimejiandaa, haki ya nani. Andalio la somo lilikuwa safi, chati nimeichora kwa rangi, na sauti yangu hata siku hizo haikuhitaji kipaza. Tena watoto wa kwetu uwafundishe nini juu ya maji kukauka? Kuondoka kwake ndiko wanakokujua kuliko kuja. Kila nikimaliza jambo nikauliza, “Tumeelewa?” na darasa zima likajibu, “Ndiyooo, mwalimu.” Nikaona mambo ni sawasawa kabisa.

Kengele ilipogongwa alinifuata nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta.

“Nani hakusema leo?” akaniuliza.

“Wote wamesema, Mwalimu.”

“Hao wameimba. Nimekuuliza nani hakusema.”

Sikujua. Nilirudi mlangoni nikachungulia zile nyuso kana kwamba jibu limeandikwa kwenye mojawapo. Aliningoja, akaona sina kitu, akasema, “Rudia kesho,” akaenda zake.

Kurudia peke yake hakungeniuma sana. Kilichoniuma ni hiki. Mwalimu yule hakuwa na mazoea ya kusifu. “Hongera” hukuisikia kwake, wala “umejaribu”. Mwanafunzi akimridhisha, na mwenzake akiingia kushika chaki kwa kipindi kinachofuata, yeye alisogea tu kwenye lile benchi akaacha nafasi. Ulienda ukaketi ubavuni pake, mkamtazama pamoja yule anayefundisha. Hapakuwa na neno, lakini sote tulijua maana yake: sasa wewe ni mwalimu. Na siku hiyo ungewaona wanaotoka hapo, wanatembea kama maharusi.

Wenzangu wote walisogezewa, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilirudia. Nilifundisha vipimo nikarudia, nikafundisha ramani nikarudia. “Ukishauliza swali, ngoja,” alikuwa akiniambia. “Yule asiyesema yuko njiani anakuja. Wewe unamfungia mlango.” Nami kungoja sikuweza. Mdomo wangu hauna breki, nyumbani waliniita redio. Swali likishanitoka na darasa likanyamaza, niliona kama nimevuliwa nguo mbele za watu, nikalijibu mwenyewe haraka ili tuendelee. Mazoezi yakaisha, nikafuzu, cheti nikapata kama wengine. Ila benchi lile sikuwahi kusogezewa.

Utasema ni jambo dogo. Nami nimejiambia hivyo miaka mingi. Nilifundisha, nikasoma tena, nikawa mkufunzi mwenyewe, na kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kukagua, nikawa napita hadi benchi la nyuma na kujibana kati ya watoto. Magoti yangu sasa yananilaumu. Ninawauliza vijana wangu swali lile lile, nani hakusema leo, wanatoa macho kama nilivyotoa mimi. Wanaonifurahisha ninawasogezea. Nimewasogezea wengi. Na kila mara, yule kijana akija kuketi ubavuni pangu akinukia chaki na jasho la woga, ninafurahi naye na ninamwonea wivu, vyote viwili kwa pamoja. Mtu mzima kama mimi.

Mwalimu wangu alipostaafu alihamia Makindu, alikojenga na marehemu mumewe aliyekuwa mtu wa reli. Tulikuwa tukionana mara moja moja, kwenye mazishi au harusi za walimu. Tukisalimiana nilikuwa na swali hapa kooni, na kila mara nikazungumzia mvua. Niliogopa kuuliza, na nilidhani muda upo. Kisha binti yake akanipigia: kiharusi kimempata mama, amepona kiasi, anakula, anatambua watu, lakini ulimi umekataa. Nililia sana siku ile. Nilimlilia yeye, na nilijililia mimi pia, kwa sababu nilikuwa bado nangoja aniambie.

Ndiyo maana nilitaka aje Wote. Nilitaka tu anione nikiitwa mbele, akiwa pale nyuma anapopapenda. Binti yake aliahidi kumleta.

Sherehe ikaendelea. Kwaya iliimba, wageni wakahutubu, kila mmoja akasema hana mengi na kisha akayasema. Mfawidhi alikuwa kijana mchangamfu wa suti ya bluu. Kila baada ya hotuba alipaza sauti, “Tumefurahi?” na ukumbi ukaitikia, “Ndiyooo.” Hapo nilitamani mwalimu wangu awepo hata zaidi, nimtupie jicho tu. Nilipoitwa nilipanda jukwaani, nikapokea kikombe cha kioo, nikapigwa picha huku nikitazama mlangoni. Kule nyuma niliiona kofia ya yule bwana.

Simu ilikuja tunapokula. Mwaitu, yaani mama, hakuamka vizuri, binti akasema, wamejaribu kumtoa kitandani, wameshindwa. Nikamwambia hakuna shida, mwambie apumzike. Shida ilikuwepo. Niliusukuma wali kando. Nikaenda kumdai yule bwana leso yangu nikiwa nimekunja uso tayari kwa vita, naye akanikabidhi kwa mikono miwili na kusema, “Nilikuwa nakulindia, mama. Watoto walikuwa wameanza kuikanyaga.” Hata hasira yenyewe ikakosa pa kutua.

Jumamosi iliyofuata nilikifunga kikombe ndani ya ile leso nikatoka. Nilibadilisha gari Sultan Hamud, nikanunua machungwa, na mchana ukielekea kuisha nikawa Makindu, nyumbani kwake. Alikuwa ameketishwa kwenye kochi refu la mbao, karibu na dirisha, vitambaa vya kushona kwa mkono vimetandikwa mgongoni mwa kochi. Amepungua, jamani. Mwanamke aliyekuwa akijaza mlango sasa amebaki mabega na macho. Lakini macho ni yale yale. Binti yake aliniwekea kiti mkabala naye, akaenda kupika chai.

Nikaanza. Nilimweleza habari zote za Wote, kwaya, hotuba, bwana wa kofia. Nikafungua leso nikamwonyesha kikombe. Alikitazama kama alivyoitazama chati yangu ya Matinyani, yaani alikiona, basi. Nikamsomea maandishi yake. Chai ikaja, nikazungumza juu ya chai. Nikamweleza vijana wa siku hizi wanavyofundisha kwa simu na picha, nikamweleza magoti yangu, nikamweleza ndengu zilivyoliwa na wadudu. Chai yangu ikafanya utando. Nilikuwa nikisema kwa sababu yeye hawezi, nikiona nikinyamaza nitalia, na pia kwa sababu ndivyo nilivyo.

Nilikuwa nikimsifia mwalimu mmoja kijana aliyejua kungoja, ndipo sauti yangu mwenyewe iliponifikia. Ilijaa chumba kizima. Nani hakusema leo? Hakuna aliyeniuliza, lakini nilisikia kama nimeulizwa kwenye kile kivuli cha ukuta. Nilikatiza hapo hapo, sentensi ikiwa nusu.

Nikaweka kikombe cha chai juu ya meza, mikono nikaiweka mapajani. Nikamuuliza, polepole, kile nilichokuwa nacho kooni tangu ujana. “Mwalimu, mbona hukunisogezea?”

Kisha nikangoja.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Malori yalipita kwenye barabara ya Mombasa, moja likafuatwa na jingine. Kuku waliingia hadi kizingitini, wakatazama, wakatoka. Maneno yalinijaa mdomoni, samahani, usijali, si kitu, yote nikayameza. Yeye alikuwa akinitazama. Midomo yake ilicheza kidogo, ikaacha. Nikaona kweli hakuna kinachokuja, na nikaendelea kungoja hivyo hivyo, kwa sababu aliniambia asiyesema yuko njiani.

Mkono wake ulio mzima ukashika ukingo wa kochi. Ukakaza. Bega likainuka, kiuno kikafuata, akapumua kwa nguvu, akapumzika hapo kidogo kama mtu aliyefika kilimani. Akajivuta tena. Kitambaa cha mgongoni kikaanguka, hakujali. Alijisukuma hadi akafika kwenye kona ya kochi, ukutani, akatulia huko. Ubavuni pake pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Hakunitazama tena. Alikuwa akitazama mbele, penye kile kiti nilichokuwa nimekalia.

Binti yake alikuwa ameingia kukusanya vikombe. Akaokota kitambaa, akaniambia kwa upole, “Ni jua hilo la jioni, humpiga machoni. Mwaitu husogea hivyo kila siku saa hizi.”

Nilimwambia sawa. Nilikuwa nimeshaketi ubavuni pake.